Mpira Uliolala Kwenye Unga

Karibu na chumba ninachopanga hapa Dar es Salaam kuna gereji, na mbele ya gereji hiyo kijana mmoja humwaga oili chafu juu ya mchanga ili vumbi litulie. Nilipita hapo siku chache baada ya kurudi kutoka kumzika Mama. Jua lilikuwa kali, mchanga ulikuwa umekunywa oili, na harufu ile ikanipanda puani ghafla hata nikasimama katikati ya njia kama mtu aliyeitwa jina. Mwenye baiskeli akanipigia kengele.

"Dada, umesahau kutembea?"

Nilimpisha bila kuyatoa macho kwenye mchanga. Pua ilikuwa imefika Newala kabla ya kichwa. Ilikuwa imesimama ukingoni mwa nyanda zetu za juu, pale ardhi inapokatika na bonde la Ruvuma kuonekana chini kama moshi, katika uwanja wa gofu wa Wazungu.

Wenzangu wa rika langu watacheka. Gofu, Newala? Mahali ambapo mama zetu waliteremka mteremko mzima kutafuta mtungi mmoja wa maji? Ndiyo. Bendera ya Mwingereza ilikuwa ingali inapepea bomani, na nyuma ya boma, kati ya mikorosho na mashamba ya muhogo, palikuwa na mashimo tisa. Majani ya kumwagiliwa hayakuwepo. Kila shimo lilizungukwa na duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu ili upepo usiupeperushe, na katikati ya duara kopo lilizamishwa ardhini na mti mwembamba wenye kitambaa ukasimikwa ndani yake. Baba, ambaye watu walimwita Baba Tekla kwa sababu mimi ndiye mtoto wake wa kwanza, alikuwa nyapara wa uwanja huo. Kila asubuhi aliukokota ubao juu ya mchanga mpaka ukawa laini kama ngozi ya mtoto. Alirudi nyumbani ananuka ile harufu, na mimi nilidhani hiyo ndiyo harufu ya baba wote.

Uwanja ulichorwa na mtu mmoja tu, tena kwa siku chache. Alikuwa amekuja kumwona ndugu yake aliyefanya kazi bomani. Baba alimbebea vigingi. Alisema mtu huyo hakupima chochote. Alitembea, akasimama, akachuchumaa, akalala kifudifudi na shavu lake mchangani akiangalia jinsi ardhi inavyoinuka, hata vibarua wakaulizana kama Mzungu ameanguka kifafa. Huko kwao alisifika kwa viwanja vyenye majani kama zulia la msikitini. Kwetu alikuta mchanga, upepo na mti mmoja.

Mti huo ulikuwa wetu. Ulikuwa msolo, mti wa tambiko, ambao chini yake ukoo wa Mama ulimwaga unga wa mtama kuwaomba waliotangulia. Baada ya kaka yake kufa, Bibi, mama yake Mama, ndiye aliyebaki mwenye kuumwagia unga. Mti ulikuwa umesimama katikati kabisa ya mahali mpira ulipotakiwa kupita kwenda shimo la saba. Wakubwa wote wa boma walisema ukatwe. Bibi alikwisha kukaa chini nyumbani na kujifunika kaniki kama mtu aliyefiwa. Kisha Baba akaja mbio na habari: mgeni amekataa. Amesema mti ubaki, na atakayetaka kufika shimo la saba auzunguke.

Bibi aliitoa kaniki kichwani polepole. "Huyo," alisema, "alilelewa."

Tangu hapo mimi niliwaelewa Wazungu, au nilidhani hivyo. Nilikaa pembezoni mwa mikorosho na kutazama. Walikuja wawili au wanne, wakatembea polepole bila haraka ya kazi. Walipofika kwenye duara la mchanga walinyamaza. Mmoja alikitoa kile kijiti chenye kitambaa, mwingine akainama, na kitu cheupe kikaingia shimoni. Mwishoni kabisa walivua kofia na kushikana mikono. Mtoto yeyote wa kwetu angejua anachokiona. Niliteremka na Bibi na jirani yetu Mama Hadija kuteka maji, na njiani nikauliza.

"Bibi, Wazungu wanaomba mizimu ya nani?"

"Ya kwao, mke mwenzangu. Nani mwingine?"

"Mbona hawaachi unga?"

"Wanaacha kile cheupe."

"Lakini wanakitoa tena!"

Mama Hadija alicheka hata mtungi mtupu ukamteleza kichwani. "Ubahili mpaka kwa wafu! Ndiyo maana wana magari."

Kilichonithibitishia zaidi ni wageni. Walitoka Lindi kwa gari, wakapita Nanganga na Masasi, wakafika wekundu kwa vumbi kuanzia nyusi mpaka viatu, ili tu wapite kwenye mashimo yetu tisa. Wengine walisafiri tena kesho yake. Nani husafiri hivyo kama si kwa kuzuru? Jioni moja Baba alitusimulia habari za mzee mmoja aliyefika siku hiyo, mrefu, mwenye masikio yaliyoungua jua. Baba alikuwa na Kiingereza cha misheni ya Masasi, alikojifunza useremala, na alikuwa amembebea mzee mfuko mchana kutwa.

"Nimemwuliza," Baba alisema, "bwana, mbona umeacha viwanja vya majani umekuja kwetu kwenye mchanga? Akaniambia kwamba amecheza kwenye viwanja vyote vikubwa vya yule fundi aliyeuchora uwanja wetu. Anasema vile vikubwa vimepambwa na watu wengi baada yake, vimemwagiwa maji na fedha, huuoni tena mkono wake. Hapa fundi hakuwa na kitu. Alikuwa na ardhi na mti. Kwa hiyo hapa, anasema, unamwona mwenyewe, anavyofikiri."

"Kumwona mtu kwenye mchanga," alisema Mama. "Haya."

Alisema hivyo bila kucheka, kwa sababu siku hizo Mama hakucheka. Alikuwa na mimba kubwa. Baada yangu alizaa mara mbili, na watoto wote wawili tulikuwa tumewazika kabla hawajajua kukaa. Sasa alikuwa ameacha kula. Alichukua tonge, akalizungusha kwenye bakuli la kisamvu, akalirudisha. Usiku nilimsikia akijibu maswali ambayo hakuna aliyemwuliza. Mganga msaidizi wa zahanati alisema hana ugonjwa wowote isipokuwa hofu, lakini akiendelea hivyo hofu itamtosha, yeye na mtoto. Mimi nilikuwa mdogo, lakini neno "itamtosha" nililielewa.

Ndipo Bibi alipoamua kwenda kwenye msolo. Jua likielekea kuzama, wachezaji wamekwisha kuondoka, alimwaga unga taratibu kutoka kwenye vidole mpaka ukasimama kama kichuguu kidogo chenye ncha. Aliwataja watu ambao sikuwahi kuwaona. Kisha akaufunika kwa chungu alichokifinyanga mwenyewe. Kwetu jambo hili halina maelezo mengi. Asubuhi unafunua. Ncha ikiwa imesimama, wamekubali. Ikiwa imeporomoka yenyewe chini ya kifuniko, wamekataa. Mama alikuwepo, ameshika tumbo kwa mikono miwili. Aliutazama ule unga kama mtu anavyomtazama hakimu.

Bibi alikuwa mfinyanzi, na hapa lazima niseme kitu kinachoonekana kidogo. Zamani alipamba shingo za vyungu vyake kwa gunzi la mahindi, akilibingirisha juu ya udongo mbichi likaacha mistari. Lakini mwaka ule nilikuwa nimemwokotea mpira wa gofu kwenye shamba la muhogo, mkuukuu, wa rangi ya jino la mzee. Mpira wa gofu una vishimo pande zote. Bibi aliubingirisha kwenye udongo, akauinua, akaona vile vitone vilivyopangika, na akapiga ukelele mdogo kama msichana. Wanawake kutoka mbali walikuja kuuliza vitone vile anavifanyaje. Hakumwambia mtu. Mpira aliufunga kwenye pindo la kaniki na kwenda nao popote.

Asubuhi iliyofuata tulitoka mapema na mitungi yetu: Mama, Mama Hadija na mimi. Bibi alikuwa ametangulia. Kulikuwa na ukungu unaopanda kutoka bondeni. Tulipofika kwenye kona ya mikorosho, mahali ambapo msolo ulikuwa karibu lakini hauonekani, tulisikia fimbo ya gofu ikipiga kwa mbali, ta! Yule mzee mgeni alipenda kucheza kabla ya jua. Kisha tukamsikia Bibi akipiga yowe. Kisha tukasikia chungu kikipasuka.

Mama alisimama. Mtungi wake ulianguka na hakuuokota. Sijawahi kuona uso wa mtu mweusi ukipoteza rangi namna ile, na natumaini sitaona tena. Nilimshika mkono, ulikuwa wa baridi kama samaki. Mama Hadija alikuwa wa kwanza kukimbia, akafika, akajishika mdomo.

"Tobaa! Wamekataa! Wamekivunja chungu chenyewe!"

"Nani kakwambia wamekataa?" Bibi alikuwa amepiga magoti, mikono yake myeupe kwa unga mpaka kwenye viwiko. "Ulimi wako hutangulia macho. Tazama!"

Tukatazama. Vipande vya chungu vilikuwa vimetawanyika. Unga ulikuwa umesambaa, hauna ncha wala umbo. Na katikati ya unga, umezama nusu, ulikuwepo mpira wa gofu.

Mzee akatokea kwenye ukungu na fimbo yake, na nyuma yake Baba na mfuko begani. Baba alipomwona Bibi alisimama palepale akageuza uso pembeni. Alikuwa mkwewe, na kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni wala hasemi naye moja kwa moja. Bibi naye hakumtazama. Alisema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, kavu na kubwa, kama mtu anayesema mbele ya baraza.

"Mama Hadija, mwambie Baba Tekla amwambie mgeni wake kwamba mpira wake umevunja chungu cha watu. Tambiko lililovunjwa na mtu halina jibu, si ndiyo wala si hapana. Aliyevunja alipe kitu cheupe, na mambo yaishe."

Mama Hadija alimwambia Baba, ingawa Baba alikuwa amesimama hatua chache tu na amesikia kila neno. Baba akamwambia mzee. Mzee akachuchumaa mbele ya unga. Hakugusa kitu. Aliutazama mpira kwa muda mrefu. Akaitazama mikono ya Bibi. Akamtazama Mama na tumbo lake. Halafu akainua macho kwa Baba akasema maneno mafupi sana, mawili au matatu.

Nakumbuka oili kavu kwenye viatu vya Baba, na kwamba alikuwa anaisugua kiatu kwa kiatu.

"Amesema nini?" Mama aliuliza. Sauti haikuwa sauti.

"Anasema," Baba alianza, bado uso wake pembeni, "anasema amekosa. Mpira ni wake. Mkono ulimteleza kwa sababu ya ukungu, hakuona mti vizuri, na anaomba radhi kwako, na kwa mama, na kwa wenyewe wa mahali hapa."

Hata mtoto aliona kwamba maneno mawili ya Kizungu yamezaa mengi. Lakini nilidhani Kiingereza ndivyo kilivyo, lugha ya kubana. Mzee alivua kofia. Akatoa leso nyeupe mfukoni, akampa Bibi kwa mikono miwili, na Bibi akaifunga kwenye tawi la msolo.

Mama akaketi chini, palepale kwenye vumbi, akaanza kucheka. Alicheka huku analia, akipiga paja. "Mzungu! Kumbe Mzungu! Jamani, nami nilishajifia!" Mama Hadija naye akacheka, na kusema kwamba yeye tangu mwanzo alijua. Asubuhi ileile Mama alikula viazi vitamu vya jana, vyote, hata changu.

Mzee hakuondoka mara moja. Alipita nyuma ya mti, akaparuza nyasi kwa fimbo yake, akakuta mpira mwingine, mweupe safi, akaupiga kuelekea shimo la saba. Nilistaajabu kidogo tu. Nilijiambia kwamba wakubwa wana mipira mingi, kama majumbe walivyo na wake wengi.

Mtoto alizaliwa mzima, na hakufa. Kanisani alibatizwa Benedikti, lakini nyumbani mpaka leo anaitwa Leso, na sasa anasoma Masasi na ananizidi urefu. Mama aliisimulia hadithi hiyo kwa kila mgeni aliyeketi kwetu mpaka mwaka aliokufa: jinsi Mzungu alivyovunja chungu chake, akavunja na mkosi wake. Aliisimulia akicheka palepale pa kucheka. Nami nilicheka naye, kila mara.

Sasa nirudi kwenye gereji. Mimi ni mtu wa kulifikiri jambo mpaka linachakaa. Rafiki zangu wa chuoni walinitania kwamba hata salamu huichambua. Harufu ile haikuniachia. Kesho yake ofisini nilimkabili mwenzangu mmoja ambaye tangu Uhuru ameanza kujifunza gofu, jambo tunalomcheka kwalo. Nilimwuliza swali la kijinga: mchezaji hubeba mipira mingapi uwanjani?

"Mfukoni hata kumi," alisema. "Lakini wa kucheza ni mmoja. Unapiga huohuo, unaufuata, unapiga huohuo, mpaka uingie shimoni. Ukikuta usio wako, unauacha. Ndiyo kanuni."

"Na kama alikuwa peke yake, akapiga mara moja tu?"

"Basi upo mmoja tu huko mbele. Kwani vipi, Tekla?"

Mpira ule mweupe nyuma ya mti ndio uliokuwa wa mzee. Ule wa kwenye unga haukuwa wake. Ulikuwa na rangi ya jino la mzee. Na sauti zile za asubuhi, ambazo nimezipanga na kuzipangua usiku kucha tangu hapo, hazikubali kupangwa vingine: fimbo, kisha yowe, kisha chungu. Mtu hupiga yowe baada ya chungu kuvunjika. Hapigi kabla.

Nilirudi Newala kwa arobaini ya Mama. Watu walipotawanyika nilimfuata Baba uani. Uwanja haupo tena. Wamepanda muhogo juu yake, ila ukichimba mahali pa duara udongo bado ni mweusi.

"Baba, yule mzee wa leso alisema nini hasa?"

"Alisema uwanja ni mzuri."

"Baba."

Alikiangalia kiatu chake. "Tekla, yule alikuwa mama mkwe wangu. Mkwe wako akisema chungu kimevunjwa na mgeni, kimevunjwa na mgeni. Nenda kalale."

Sikulala. Niliingia katika chumba cha Mama, ambako vyungu vya Bibi vilipangwa ukutani kuanzia vya zamani mpaka vya mwisho, kwa sababu Mama hakuwahi kutupa hata kimoja. Nilipitisha kidole shingoni mwa kila kimoja. Mistari ya gunzi. Kisha vitone, vitone, vitone, vilivyopangika kama nyota zilizofundishwa. Kisha, kuanzia mwaka aliozaliwa Leso, mistari ya gunzi tena, mpaka cha mwisho.

Kwa hiyo alifika kabla yetu, akainua chungu peke yake kwenye ukungu, akaona ncha imeporomoka. Wamekataa. Akamsikia binti yake anakuja njiani. Akafungua pindo la kaniki.

Kama Bibi angekuwa mtu asiyeamini, ningefurahi tu na kumsifu kwa akili. Lakini Bibi aliamini. Hilo ndilo linaloniamsha usiku na kunikalisha kitandani. Aliwauliza wenyewe, wale waliotangulia, wakamjibu, naye akalivunja jibu lao mbele ya macho yao, akamsingizia mgeni, akamlazimisha mkwewe atafsiri uongo. Alijua anachofanya, na kwa nani.

Baada ya asubuhi ile hakumwaga unga tena chini ya msolo. Alimwachia binti wa dada yake, akisema mikono yake imejaa udongo. Na tulipoteremka kuteka maji, Bibi hakupita tena njia ile fupi ya kando ya mti. Alizunguka kwa mbele ya boma, peke yake, na mtungi kichwani, jua linamchoma, mpaka alipozeeka asiweze tena kuteremka. Mama Hadija alimtania kwa hilo. Hata mimi nilimtania. Siku moja nilimpigia kelele kutoka njia ya mkato, "Bibi, njoo, Wazungu wameondoka!" naye akanipungia mkono, akaendelea kuzunguka.

Nilidhani anaogopa mipira.